Globu ya Indiketa Kwenye Sanduku la Fundi Waya

WAFULA: Karibuni tena. Leo tumekuja Kibuye, Kisumu, kwa hivyo mkisikia nyundo huko nyuma, vumilieni. Fundi Akinyi, nikuanzishe na msikilizaji wetu wa Luanda, ile ya Vihiga. Gari lake, Toyota Probox, linamisi tangu mvua ianze, yaani silinda moja inakosa kuwaka. Amenunua plagi nne mpya, akaongeza koili moja, kile kifaa kinachoipa plagi cheche. Bado linamisi.

AKINYI: Amepima nini?

WAFULA: Hajasema.

AKINYI: Basi hajapima. Probox ya injini ya 1NZ ina koili nne, kila silinda na yake. Mwambie azime swichi, atoe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, na ya tatu airudishe ya pili. Kama mashine ya kusomea makosa ya injini ilikuwa ikiandika P0302, yaani silinda ya pili inamisi, na sasa inaandika P0303, yaani ya tatu, koili ndiyo imekufa. Ikibaki P0302, aiache koili, ashughulike na plagi, soketi, waya au injekta ya silinda hiyo.

WAFULA: Na hajatoa hata shilingi.

AKINYI: Hata ya chai.

WAFULA: Sasa kuna hili ambalo mafundi huja kulia nalo kwangu. Mita inasoma volti 12 kwenye waya wa koili, lakini gari limekataa kushika.

AKINYI: Mita ya kidijitali haili umeme, ni kama haipo. Nyuzi za waya zikikatika humo ndani ukabaki uzi mmoja, huo mmoja unatosha kuipa mita volti zake 12. Ngoja koili idai ampia sasa, utaona volti zinavyoporomoka. Ndiyo maana natembea na globu ya indiketa, wati 21, niliyoiunga waya mbili. Hiyo inakula karibu ampia mbili, kwa hivyo haidanganyiki. Waya mmoja kwenye erthi, yaani chuma cha bodi kinachorudisha umeme kwenye negativu ya betri, mwingine pale unapopima. Iwashe kwanza moja kwa moja kwenye betri ili ujue mwanga wake. Halafu ikifika kwenye waya wa koili ikawaka wekundu wekundu, usitafute mchawi, waya umeoza.

WAFULA: Waya wowote tu naubandika globu?

AKINYI: Wee! Waya unaotoka kwenye kompyuta ya gari usiuguse na globu, utaiunguza kompyuta, na bei yake unaijua. Zile soketi za njano za eabegi ndiyo kabisa, kaa mbali. Globu ni ya njia ya nguvu: betri, fyuzi, swichi, relei, mpaka koili.

WAFULA: Kwa hivyo mita niiuze?

AKINYI: Usiiuze, itumie vizuri. Injini ikiwa inanguruma, weka ncha nyekundu kwenye nguzo ya pozitivu ya betri, nyeusi kwenye waya unaolisha koili. Namba unayoiona ni umeme unaopotea njiani. Ikipita nusu volti, kuna shida. Rudi nyuma na ile ncha nyeusi, pointi kwa pointi. Pale namba inaposhuka ghafla, umeshalipita eneo bovu. Kisha geukia erthi: ncha moja kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye negativu ya betri, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti hapo pia, fungua waya wa erthi, kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi, funga. Kwa unyevu huu wa ziwa, mimi huanza na erthi kabla ya kitu kingine chochote.

WAFULA: Nimeona vijana wakitoboa waya kwa pini ili wapime.

AKINYI: Hilo linaniudhi. Tundu hilo linaingiza maji, na shaba inageuka kijani polepole chini ya plastiki, mwaka ujao gari linarudi. Ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, sambamba na waya, itaigusa terminali bila kujeruhi kitu.

WAFULA: Fyuzi inayokatika kila ukiweka?

AKINYI: Usiweke kubwa zaidi, na ukifunga waya badala ya fyuzi unatafuta moto. Ile ile globu, ichomeke mahali pa fyuzi. Kama kuna shoti, itawaka kwa nguvu, na kwa kuwa inabana umeme, nyaya haziungui. Sasa chomoa soketi moja moja, tikisa mkanda wa waya taratibu. Ikififia ghafla, mkono wako uko pale pale penye shoti.

WAFULA: Magari ya zamani ya distribyuta, kile kigawa cheche, yenye nyaya nene za plagi?

AKINYI: Ngoja giza liingie, washa injini, fungua boneti, nyunyiza maji kidogo sana kwa chupa ya kupulizia. Waya uliopasuka utaona cheche za buluu zikirukia bodi. Mikono usiilete karibu, hizo ni volti maelfu kwa maelfu. Na kuutoa waya wa plagi, shika mpira wake, zungusha, ndipo uvute.

WAFULA: Na kupitisha waya mpya nyuma ya dashibodi? Wengine hufungua gari zima.

AKINYI: Kabla hujauvuta wa zamani, ufunge mpya kwenye mkia wake, uvute vyote pamoja. Kama wa zamani haupo, spoki ya baiskeli inatosha, ncha yake ikunje ndoano. Maungio nabana kwa koleo la kubania, kisha navisha kile kimrija kinachonywea kwa joto. Risasi ya kulehemu siipendi karibu na injini, waya unakuwa mgumu pale inapoishia na mtetemo unaukata.

WAFULA: La mwisho, kutoka Bungoma. Gari linazima ghafla likipita kwenye matuta, kisha linawaka lenyewe.

AKINYI: Injini ikiwa inanguruma, ashike ufunguo autikise bila kuuzungusha. Ikikatika, swichi imekwisha, meno yake ya ndani yameungua. Kwanza atazame ana mzigo gani kwenye huo ufunguo.

WAFULA: Anasema ana za nyumba, za duka na za geti la kanisa.

AKINYI: Abadilishe swichi, na za kanisa azirudishe kwa mzee wa kanisa.