Kizalishi Kinachojua Kutengua

Habari zenu wote, na asanteni kwa kufika.

Nimekuja kuzungumzia vizalishi, zile amri za terminali zinazotuandikia mafaili ya mwanzo ili tusinakili yaleyale kila siku. Wenzetu wa Laravel wana amri za make ndani ya artisan, na wa Django wana startapp. Mimi nitakaa na Ruby on Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, kwa sababu moja: pamoja na amri ya kuzalisha, ina amri ya kutengua, destroy. Hiyo ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Kuanza hakuna ugumu. Andika rails generate generator huduma, nawe utapata folda ya lib/generators/huduma yenye klasi ya kizalishi, faili la maelezo na mahali pa kuweka violezo. Klasi hiyo inarithi NamedBase, klasi ya Rails yenyewe, kwa hiyo jina analolitaja mtumiaji linakufikia likiwa limeshaandaliwa: malipo_ya_mteja linakuwa MalipoYaMteja pale unapohitaji jina la klasi. Ila sisi tunaotaja vitu kwa Kiswahili tuwe macho na wingi. Rails inafuata kanuni za Kiingereza, hivyo wingi wa mteja kwake ni mtejas! Ifundishe wateja kwenye faili la inflections kabla hujazalisha chochote.

Jambo jingine linalowakwaza wengi: kila methodi ya wazi ndani ya klasi hiyo itaendeshwa, kwa mpangilio ulioiandika, kuanzia juu kwenda chini. Methodi ya msaada ifiche kwa private, la sivyo nayo itaendeshwa kama hatua kamili.

Sasa niwaeleze kilichonifunza. Katika mradi mmoja niliandika kizalishi cha huduma, na mafaili nikayaunda kwa File.write ya Ruby ya kawaida. Kilifanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Siku moja mwenzangu akakosea jina, akaandika mailpo badala ya malipo, akaendesha destroy ili afute. Mafaili yakabaki palepale. Akarudia, yakabaki. Alipoyafuta kwa mkono na kuendesha destroy mara ya mwisho ili ahakikishe, yakarudi.

Niliumia, kwa sababu aliniamini. Nilipochimba nikaelewa. Rails haiweki kumbukumbu ya kilichozalishwa. Ukisema destroy, inaendesha methodi zilezile tena, safari hii ikiwa katika hali ya kutengua. Vitendo vinavyotoka kwenye maktaba ya Thor, ambayo vizalishi vya Rails vimejengwa juu yake, vinaitambua hali hiyo: template na create_file vinaondoa faili, inject_into_file inatoa maneno iliyoyachomeka, na route ya Rails yenyewe inafuta mstari wake. File.write haijui lolote kuhusu hali hiyo. Inaambiwa iandike, inaandika.

Tangu hapo kila hatua ya kizalishi naiandika kwa vitendo hivyo. Pale ambapo sina budi kutumia Ruby tupu, nauliza kwanza kama behavior, yaani hali ya kizalishi, ni :revoke, ile ya kutengua. Na gsub_file, inayobadilisha maneno yaliyomo ndani ya faili, naikwepa: baada ya kubadilisha maneno, yale ya zamani hayajahifadhiwa popote, basi kutengua kutayatoa wapi?

Kuna mipaka, na lazima wenzenu waijue. Destroy inafuta faili hata kama mtu ameshaandika kazi ya siku tatu ndani yake, wala haiulizi. Na ikifuta faili la mabadiliko ya hifadhidata, jedwali lililokwisha kuundwa linabaki lilivyo; hilo lirudishwe kwanza kwa db:rollback.

Kabla sijampa mtu kizalishi nafanya hivi. Naanza na git status safi, yaani Git haionyeshi faili lolote lililobadilika. Naendesha generate pamoja na --pretend ili nione orodha ya mafaili bila kuandika kitu, kisha naiendesha kweli, kisha destroy. Halafu git status tena. Ikionyesha hata mstari mmoja uliobaki, narudi kwenye klasi kutafuta hatua isiyojua kutengua.