Kodi ya Nyumba Irudi Ukutani

Assalaam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliokuja.

Tuanzie kwenye ukuta. Nyumba zetu za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa mvua na unyevu wa ardhini, kisha jua likitoka huyatoa maji yote. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba. Maji hubaki ndani, udongo ukalainika, vichwa vya boriti vikaoza, na ghorofa ya juu ikaanza kushuka. Saruji iko kila duka na hukauka upesi. Chokaa inataka kuchomwa, kuzimwa kwa maji, kisha kungojwa. Tunakimbilia ya haraka, na nyumba zinatuponyoka.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa kwenye matengenezo. Watu wawili walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba lile lilikwisha kufungwa kwa ubovu miaka kadhaa kabla.

Sasa tazameni Ngome Kongwe. Tangu 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara linapigwa mle ndani, na wiki ya tamasha muuza urojo anauza, mwenye teksi anapata abiria, fundi cherehani ana kazi. Ngome inatumika, kwa hiyo inatazamwa.

Lakini moyo wangu uko kwenye nyumba za kuishi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyingi zilitaifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa pamoja kwa kodi ndogo. Kila mmoja ana chumba chake. Paa halina mwenyewe. Likivuja, anaumia wa juu, na wa chini anafuata.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya jambo hili: wakfu. Mtu aliweka nyumba, kodi yake ikahudumia msikiti au maskini, na matengenezo ya nyumba yenyewe yakatangulia. Mimi nasema turudi hapo. Nyumba yenye duka au mgahawa chini, sehemu ya kodi iwekwe kando kwa ajili ya paa na kuta, kazi wapewe mafundi wa chokaa wa hapa hapa, na kila fundi awe na kijana anayejifunza. Wanaoishi juu wasihamishwe kupisha hoteli. Mtaa usio na watoto wa kwenda chuo cha Kurani asubuhi, hata ukipakwa rangi vipi, umekufa.

Mwenye nyumba ya kukodisha aliyepo hapa, nakuomba tukae pamoja baada ya sala ya Isha. Masika yako karibu, na mapaa ndiyo ya kwanza.