Kabla ya Kubisha Tena, Jua Ni Nani Aliyekukatalia

Assalaam aleikum, na masalkheri kwenu nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na soketi ya umeme, ahsanteni kwa kuja.

Niliombwa nizungumze juu ya usalama wa tovuti. Mada hiyo ni pana kama bahari, nami leo nataka kuvua kwenye mlango mmoja tu. Ni jambo linalonifanya nipigiwe simu watu wakiwa wamelala: mtu ameandika ukurasa wake vizuri, amebonyeza kuchapisha, na seva, ile kompyuta inayotunza tovuti yake, imemwambia la. Nywila ni sahihi. Ada ya mwaka imelipwa. Jana alichapisha, leo hawezi.

Kuna dada mmoja ana nyumba ya wageni Shela, hapa kwetu Lamu. Jina nalihifadhi, kwa sababu yumo humu ndani na ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo. Alikuwa anaandika ukurasa wa safari za jahazi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ndani ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Kila akibonyeza, kinatoka kisanduku chekundu kwamba kuhifadhi kumeshindikana, jibu lililorudi si JSON sahihi, yaani halikuandikwa kwa mpangilio ambao programu huzungumziana. Akabadili nywila mara tatu. Akanunua bando la mtandao mwingine. Akafuta plugini, zile programu ndogo za nyongeza, moja baada ya nyingine mpaka tovuti ikabaki uchi. Kijana mmoja wa mtaani akamwambia ameingiliwa na wadukuzi, akataka pesa za kuwafukuza. Siku tatu zikapita hivyo. Dada yangu, nitasema mbele yako: ulianza kunywa dawa kabla ya kujua unaumwa wapi.

Sasa tufikirie nyumba zetu za mawe. Mgeni hadondoki ndani moja kwa moja. Kwanza kuna daka, pale nje penye baraza. Ukivuka mlango unaingia tekani, na tekani imepindwa makusudi ili aliye mlangoni asione kiwanda. Baada ya kiwanda ndipo misana, kisha ndani kwenyewe. Mgeni anaweza kuzuiliwa dakani, anaweza kuzuiliwa tekani, anaweza pia kufika ndani akaambiwa na mwenye nyumba kwamba hapa si pako. Na kila anayekataa ana sauti yake.

Seva nayo imejengwa hivyo. Dakani kuna ukuta-moto unaotazama tu anwani yako ya IP, ile namba ya mtandao unaotokea, haujali umebeba nini. Huyu akikukataa, kwa kawaida hasemi kitu. Ukurasa unazunguka, unazunguka, mwisho kivinjari kinachoka. Hakuna namba ya kosa wala maelezo. Dalili yake nyingine ni kwamba tovuti yako mwenyewe haifunguki kwako, lakini kwa jirani inafunguka. Ukiona hivyo acha kuhangaika na WordPress, WordPress haijui hata kama ulibisha hodi.

Huzuiwa vipi mtu asiye na hatia? Mara nyingi ni simu ya zamani. Ulibadili nywila ya barua pepe ya biashara kwenye laptopu, ukasahau kwamba simu ile uliyompa mdogo wako bado ina nywila ya kale. Simu haichoki: kila dakika chache inabisha na ufunguo mbovu. Seva inahesabu. Ikifika idadi iliyowekwa, anwani nzima inafungiwa, na wewe uko kwenye waifai hiyo hiyo. Kwa wanaotumia bando la simu mambo ni mabaya zaidi. Anwani za IPv4, ule mfumo wa kale wa namba hizo, duniani kote ni kama bilioni 4.3 tu, na zimekwisha kugawanywa, basi kampuni za simu huwatoa wateja wengi nje kwa anwani moja. Mtu usiyemjua, pengine yuko Garsen, amekosea nywila mara kumi, na wewe hapa Langoni unalipia. Kipimo chake ni chepesi: zima waifai, tumia data ya simu, au kinyume chake. Ikifunguka, umeshajua ni nani aliyekukatalia.

Tekani ndipo penye mambo. Hapo anakaa mlinzi anayefungua mzigo na kusoma kilichomo. Kwenye seva nyingi mlinzi huyu ni ModSecurity, programu iliyoanzishwa na Ivan Ristić mwaka 2002, nayo huongozwa na orodha ndefu ya kanuni. Yeye hanyamazi. Hukupa namba: 403, yaani umekatazwa, na kwenye seva nyingine 406. Na mara nyingi huitoa kwenye karatasi nyeupe isiyo na sura ya tovuti yako. Katazo la WordPress yenyewe huja limevaa nguo za nyumbani: rangi zako, lugha yako, maneno kwamba huna ruhusa ya kuhariri ukurasa huu. Karatasi nyeupe kavu yenye 403 ni ya mlinzi, au ni faili zenye ruhusa mbaya. Hilo la faili nilipite haraka: kawaida ni 644 kwa faili na 755 kwa folda, na ukiona mtu anakushauri uweke 777, yaani yeyote aweze kuandika humo, mshukuru na uondoke.

Mnaniuliza, mbona yule dada hakuiona 403? Kwa sababu tangu toleo la 5.0, la Desemba 2018, kihariri cha WordPress hakipeleki ukurasa kwa njia ile ya kale. Hutuma mzigo kimyakimya kupitia njia inayoitwa REST na kungoja jibu la JSON. Mlinzi akijibu kwa karatasi yake nyeupe, kihariri hakiwezi kuisoma, kinalalamika tu kwamba jibu si JSON sahihi. Ni kama umemtuma mtoto dukani, akafukuzwa, akarudi kukwambia mwenye duka anazungumza lugha asiyoielewa. Ukweli wenyewe uko chini. Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua kichupo cha mtandao, kisha chapisha tena. Mstari mwekundu utakuonyesha namba halisi. Na kujua kama njia yenyewe iko wazi, andika anwani ya tovuti yako ukimalizia na /wp-json/ kwenye kivinjari. Ukiona ukurasa uliojaa mabano na maneno yaliyobanana, njia ipo.

Tulipofanya hivyo, 403 ilikuwa inatukodolea macho. Njia ilikuwa wazi. Nikamwambia aandike ukurasa mpya wenye neno moja tu, "jaribio". Ukaingia mara moja. Basi mlango hauna shida, shida ni mzigo. Hapo kazi inakuwa ya uvumilivu: kata maandishi nusu, jaribu kuhifadhi. Nusu ya juu, ya Kiswahili, ikapita. Ya chini ikakataliwa. Tukaikata tena, na tena. Mara ya tano tukabaki na sentensi moja ya Kiingereza iliyomwambia mgeni achague jahazi kutoka yale yaliyofunga gatini pale atakaposhukia.

Tatizo liko wapi hapo? Hazina za data huamrishwa kwa lugha ya SQL, na amri yake kuu ya kusoma huanza na SELECT, ikafuata FROM, kisha WHERE. Chagua, kutoka, pale ambapo. Ni maneno yale yale matatu, kwa mpangilio ule ule. Wezi wa mtandao hupenyeza amri kama hizo ndani ya fomu, na mlinzi amefundishwa kuzishika. Kwenye kanuni za OWASP, shirika la usalama wa tovuti, anazotumia, namba zinazoanza na 942 ni za wizi wa aina hiyo, na zinazoanza na 941 ni za kupenyeza misimbo kwenye kurasa. Kiingereza cha ukarimu cha dada yetu kikafanana na jambazi.

Sisi Waswahili tuna letu pia. Ile alama ya ng' katika ng'ambo na ng'ombe, ndiyo alama anayoitumia mwizi kufunga maneno ndani ya SQL. Waayalandi wenye jina la O'Brien wanalijua tatizo hili tangu zamani. Kanuni zikikazwa sana, muuza ng'ombe anaweza kuonekana mhalifu kwa sababu ya tahajia. Kuna watu hapa mjini wameanza kuandika "ngombe" mtandaoni ili wapite salama, na mimi hilo linaniudhi kuliko 403 yenyewe. Na wale mnaobandika ramani ya kufika nyumbani kwenu, ujue ramani hiyo huja ndani ya iframe, yaani dirisha la tovuti nyingine ndani ya ukurasa wako, na iframe ni kimoja cha vitu mlinzi anavyovitilia shaka.

Sitaki mwondoke mkiwalaani wenye seva. Aprili 2013 kulikuwa na mashambulizi makubwa duniani kote dhidi ya tovuti za WordPress, mashine nyingi zikibahatisha nywila kwa mtumiaji aitwaye "admin". Machi 2014 kampuni ya Sucuri ilieleza jinsi tovuti zaidi ya 162,000 za WordPress, za watu wasiojua lolote, zilivyotumiwa kuizamisha tovuti moja kupitia faili la xmlrpc.php. Faili hilo ndilo programu ya simu ilikuwa inapitia kuchapisha, na tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012 huwa wazi lenyewe. Kampuni nyingi ziliamua kulifunga moja kwa moja, hata kama mteja hakuambiwa. Ndiyo maana mtu anachapisha vizuri kwenye laptopu, na simu yake inakataliwa. Kulipima, fungua faili hilo kwenye kivinjari. Ukijibiwa kwamba linapokea maombi ya POST tu, yaani ya kutuma data, usiogope, hilo ni jibu la heri: liko wazi. Ukipata 403, limefungwa, na ushauri wangu ni uliache limefungwa, uchapishe kwa kivinjari cha simu.

Sasa namna ya kuandika kwa kampuni. Watu huandika, "Tovuti yangu haifanyi kazi, tafadhali saidia." Fundi wa sapoti anafungua ukurasa wa mbele, anauona unafanya kazi, anafunga tiketi. Mpeni vitu vinne: anwani yako ya IP, ukurasa uliokuwa unauhifadhi, namba ya kosa, na saa.

Na saa, ndugu zangu, iangalieni sana. Mzee mmoja wangu alichapisha saa tatu asubuhi akakataliwa. Akaandika kwa Kiingereza kwamba ilikuwa "3 a.m." Wao wakaenda kutazama usiku wa manane, hawakuona kitu, wakamjibu kwamba hakuna ombi lolote lililozuiwa. Alihisi ametukanwa. Saa tatu yetu ya asubuhi ni 9:00 kwa saa ya Kizungu, na daftari la seva, kama la seva nyingi, lilikuwa linakwenda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu saa 3, kwa hiyo tukio lake liliandikwa 06:00. Saa tatu, 9:00, 06:00, na ni dakika moja ile ile! Andika UTC, utoe ubishi.

Kisha usiombe mlinzi aondolewe. Omba hivi: tafadhali nitajieni namba ya kanuni iliyogonga, na muiondoe kwa njia hii moja ya kuhariri, kwa tovuti yangu peke yake. Ombi dogo hujibiwa. Kampuni ya dada yetu ilijibu siku ya pili, namba ikaanza na 942 kama tulivyotarajia. Lakini yeye hakungoja: aliigawa ile sentensi mara mbili, ukurasa ukaingia jioni ile ile.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, nahodha. Anauliza, kwenye cPanel, ule ukurasa wa kusimamia tovuti kwenye seva, kuna kitufe cha kuzima ModSecurity, kwa nini asikizime akalala? Ni kweli kwenye kampuni nyingine kitufe kipo, na ni kipimo kizuri: kizime, hifadhi, kiwashe. Ikiingia kikiwa kimezimwa, umemjua aliyekukatalia. Lakini kukiacha usiku kucha ni kuacha mlango wa nje wazi kwa kuwa mlinzi alimkosea adabu mgeni mmoja. Kama plugini zako hazijasasishwa tangu Maulidi ya mwaka jana, nahodha, wewe hasa ndiye unayemhitaji.

Mwingine anasema yeye hatumii WordPress, anapandisha faili kwa FileZilla, anaingia vizuri lakini orodha ya mafaili haitokei. Ahsante, nilikuwa nimesahau. FTP, njia ya kale ya kupandisha faili, hupokea amri kwenye mlango wa 21, lakini mizigo hupitisha kwenye mlango mwingine unaobadilika kila mara, na huo ndio uliofungwa. Uliza kampuni kama wanatoa SFTP, inayopitisha kila kitu kwenye mlango mmoja, kwa kawaida wa 22. Wengine wameuhamisha, kwa hiyo uliza na namba.

Haya, waliokuja na laptopu wazifungue. Tuanze na ya mamangu pale karibu na dirisha, ile yenye 406. Mama, umebandika ramani?