Mikono kwanza, simba baadaye

NJERI: Hamjambo wasikilizaji. Hapa Nairobi mvua imetuachia kidogo asubuhi hii, mimi na Baraka tumeketi na chai yetu. Leo tunazungumzia usafi porini. Siongelei kambi ya watalii yenye bafu la maji moto. Naongelea siku ile mmepotea njia, giza limeingia, na mna kile tu mlichobeba mgongoni.

BARAKA: Na ukitaja pori, mtu wa hapa mjini anamwona simba.

NJERI: Mimi nyati nimemwona, kule kwenye milima ya Aberdare. Tulinyamaza, akapita zake. Kilichotuangusha ni mikono yetu. Tulikuwa watu tisa, ukungu ukatufunika, ikabidi tulale usiku ambao hatukuupanga. Mwenzetu mmoja alitoka kichakani, akaja moja kwa moja akamega ugali kwenye sufuria tuliyokuwa tunalia sote. Hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwemo. Kesho yake mchana wanne walikuwa wanaharisha.

BARAKA: Pole sana, dada. Na baridi ya kule!

NJERI: Kijana mmoja macho yalizama, midomo ikakauka. Ukimfinya ngozi ya tumbo inakawia kurudi. Bahati tulikuwa na sukari ya chai, tukamchanganyia kinywaji cha kurudisha maji mwilini. Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Koroga hadi iyeyuke yote, halafu uonje: isizidi chumvi ya machozi.

BARAKA: Hapo kwa chumvi nisisitize. Ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto.

NJERI: Tena anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja kama dakika 10, halafu endelea polepole. Tulikesha naye tukimpa kwa kifuniko cha chupa. Alfajiri aliomba kwenda kukojoa, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

BARAKA: Sasa mimi leo nimekuja na mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, nimeuosha vizuri. Wasikilizaji, hiki tunachotengeneza ni kibuyu chirizi, cha kunawia mikono. Napasha msumari moto kwa kiberiti... natoboa hapa juu, upande usio na mshikio. Tundu moja dogo. Mnasikia linavyochoma plastiki?

NJERI: Harufu nayo imefika.

BARAKA: Unapitisha kijiti kwenye mshikio, unauning'iniza mtungi kati ya nguzo mbili za matawi. Kamba nyingine inafungwa shingoni mwa mtungi, inashuka hadi kwenye fimbo iliyo chini. Ukikanyaga fimbo, mtungi unainama, maji yanachirizika. Ukiinua mguu, yanakatika. Sabuni unaitoboa katikati unaitundika kando. Uzuri wake ni kwamba aliyetoka chooni hagusi mtungi kwa mkono mchafu, na maji ya mtungi mmoja yanatosha watu wengi.

NJERI: Sabuni ikiisha kuna majivu ya moto wenu, yakishapoa. Bibi yetu alisugulia sufuria kwa majivu, na mikono vilevile. Tungekuwa na kitu hiki kule juu, yule kijana hangeteseka.

BARAKA: Maji ya kunywa je? Mto wa mlimani unaonekana safi kama kioo.

NJERI: Huo weupe ndio unaowadanganya watu. Juu ya mto kuna nyani, kuna tembo, pengine kuna mfugaji na ng'ombe wake. Kama maji yana tope, yaache yatulie, uyachuje kwa leso uliyoikunja mara nne, halafu uyachemshe. Yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha. Lakini ukipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Aberdare karibu yote iko huko, yaache yatokote dakika 3, kwa sababu juu maji hutokota kabla hayajapata joto lile la pwani.

BARAKA: Kuni zikiwa mbichi?

NJERI: Chupa ya plastiki angavu, isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope. Ilaze kwenye jua kali kwa muda wa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2. Msituni kwenye kivuli haitasaidia, tafuta mahali wazi.

BARAKA: Suala la choo nalo ni fupi: chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka mtoni, ufukie. Kuoga, kopo moja la maji linakutosha: kwapa, kinena, nyayo, katikati ya vidole.

NJERI: Nyayo usizipitie haraka, mdogo wangu! Usiku vua soksi mbichi, kausha miguu, vaa zile kavu ulizotunza kwenye mfuko wa plastiki. Hizo ni za kulalia tu. Mguu uliochubuka ukaoza kwenye buti ndio utakaokuzuia kutoka porini.

BARAKA: Na meno? Mimi hununua mswaki wa mti pale Eastleigh. Unatafuna ncha hadi nyuzi zifunguke, unasugua.

NJERI: Vizuri. Ila usikate kijiti cha mti usioujua, kuna miti ya sumu. Sasa kuna dada ametuuliza kuhusu hedhi porini, na nataka ajibiwe waziwazi, maana kwenye safari hizi kiongozi akiwa mwanaume jambo hili halitajwi kabisa. Dada, beba pedi za kitambaa. Fua kwa maji safi na sabuni, mbali na mto, na uanike juani, zikauke kabisa. Usifiche chini ya hema kwa kuona haya, unyevu ndio unaoleta muwasho na maambukizi. Za kutupa, zifunge kwenye mfuko urudi nazo mjini. Nawa mikono kabla ya kubadilisha na baada.

BARAKA: Nami nikiongoza kundi?

NJERI: Siku ya kwanza, kabla hamjaondoka, waambie wote: mfuko wa pedi za akiba uko hapa, atakayehitaji achukue, haombi ruhusa.

BARAKA: Nimesikia, dada. Jumamosi napeleka vijana 12 Ngong, nitaubeba, na mtungi huu pia. Wiki ijayo ni kupe na funza. Kwaherini.