Saa ya Mkononi ya Namba Sita

Asanteni. Najua mlioniita kuzungumzia tamthilia za ujasusi mnasubiri bastola na magari ya mbio. Poleni. Nimekuja na ugomvi wangu ule ule: miswada mnayoniletea inaishia na “kumbe!” Kumbe daktari ndiye jasusi. Kumbe mke ndiye muuaji. Nikirudi nyuma kurasa arobaini kutafuta dalili, sioni hata moja. Huko ni kumwibia mtazamaji.

Basi tuitazame upya The Prisoner, ya Uingereza, mwaka 1967. Habari yenyewe mnaijua: Patrick McGoohan ni jasusi aliyejiuzulu, ametekwa, amefungiwa Kijijini ambako watu huitwa kwa namba. Yeye ni Sita. Wanachotaka ni jibu moja tu: kwa nini ulijiuzulu?

Sehemu ninayoitaka ni The Chimes of Big Ben, iliyoandikwa na Vincent Tilsley. Namba Sita anatoroka na mwanamke aitwaye Nadia, aliyemwambia kwamba Kijiji kiko Lithuania, karibu na mpaka wa Poland. Mashua anaichonga mwenyewe, vipande vipande, anaipeleka kwenye maonyesho ya sanaa akidai ni sanaa ya kisasa. Waamuzi wanaizunguka, hawaielewi, wanampa ushindi! Fedha ya tuzo ananunulia pazia la ukutani lenye sura ya Namba Mbili, mtawala wa Kijiji. Hilo ndilo tanga. (Kicheko.) Ningekaa hapo hadi Magharibi, lakini siyo nililolijia.

Wanavuka bahari mpaka anakoambiwa ni Poland, wanapokewa na mwenzake Nadia. Saa ya Namba Sita imeingia maji, imesimama. Yule bwana anavua yake, anampa. Imekwisha. Hakuna muziki wa kukushtua. Halafu wanaingia kwenye kreti, safari ya saa nyingi gizani, mpaka London, ofisini kwa wakubwa wake wa zamani. Dirishani unasikia magari. Mmoja wao, Kanali, anauliza: kwa nini ulijiuzulu? Namba Sita anaanza kujibu. Big Ben, saa ya mnara wa London, inagonga, mara nane. Anatupa jicho mkononi. Saa mbili kamili.

Tulieni hapo. Saa ile imetoka mkononi mwa mtu aliyeko Poland, na Poland iko mbele ya London kwa saa moja. Ilipaswa kusoma saa tatu! Anaufuata ule mlio wa magari, anachomoa waya, London nzima inanyamaza. Ilikuwa kanda tu. Anafungua mlango, anatoka: Kijiji kile kile, na Nadia amesimama pembeni ya Namba Mbili.

Mmeona? Alichokuwa nacho yeye, na wewe mtazamaji ulikuwa nacho. Saa uliiona ikibadilisha mkono. Ukidanganyika, umejidanganya. Mwandishi wa leo angemtumia Namba Sita ujumbe wa simu: “Jihadhari, ni mtego.”

Mtasema pengine aliirekebisha njiani. Hapana, saa ameivaa yeye, angejua kama aliigusa. Na najua yupo mjuaji humu anayetaka kunikumbusha kwamba Waingereza husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi. Kweli, na nikuongezee: Februari 1968 walizisogeza, wakaziacha hivyo hivyo hadi Oktoba 1971, na kwa muda huo wote London ilisoma saa ile ile na Warsaw, hata majira ya baridi. Sehemu hii ilirushwa Oktoba 1967. Miezi minne tu baadaye dalili isingesimama hata majira ya baridi. Tilsley aliwahi. Lakini huyo mjuaji nampenda, maana amekwenda kuikagua dalili. Nani atakagua “kumbe” yako? Hakuna cha kukagua.

Nilitaka pia kumsema Leo McKern, anayeigiza Namba Mbili kwa bashasha na kicheko kikubwa, mtesaji usiyeweza kumchukia. Na mandhari, Portmeirion kule Wales, kijiji cha kweli ambacho hadi leo watu hukitembelea. Naona mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili au kaa chini, sijui. Haya, kazi ya nyumbani: rudini kwenye miswada yenu, tafuteni ukurasa ambapo mtazamaji aliiona dalili. Mkiukosa, msiniletee.