Desmodiamu inavyokihadaa kiduha

REHEMA: Leo ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Wasikilizaji wetu wa Mara na Mwanza hawahitaji kuelezwa.

BARAKA: Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Wajaluo wanakiita kayongo. Maua yake ya zambarau mazuri kweli, mgeni anaweza kuyachuma akampelekea mchumba.

REHEMA: Huku mahindi yamedumaa!

BARAKA: Kinyonyaji kimeshamaliza kazi chini. Ila mimi kinachonishangaza ni mbegu yake. Vumbi tupu. Mmea mmoja unamwaga makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri.

REHEMA: Mvua?

BARAKA: Mvua peke yake haitoshi. Zinasubiri mzizi wa mahindi utoe kemikali ziitwazo strigolaktoni. Mahindi yanazitoa kuita kuvu wa ardhini wayasaidie kupata fosforasi, kiduha nacho kinadukiza. Udongo ukichoka, mahindi yanaita zaidi.

REHEMA: Kumbe! Ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linaloshambuliwa.

BARAKA: Ni sababu mojawapo.

REHEMA: Haya, desmodiamu, ule mmea wa malisho, inaingia wapi?

BARAKA: Miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, waliipanda katikati ya mahindi ili ifukuze nondo wa bungua, ambao viwavi wao hutoboa mabua. Kiduha kikapungua mno, jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu.

REHEMA: Mimi ningesema ni kivuli tu. Au naitrojeni, si ni jamii ya kunde?

BARAKA: Nao walijiuliza hivyo hivyo. Wakachukua maji yaliyochujika kwenye vyungu vya desmodiamu, wakamwagilia mahindi ya vyungu vingine, udongo wake umetiwa mbegu za kiduha. Hapo kivuli hakuna. Kiduha kikapungua vilevile.

REHEMA: Basi mizizi inatema sumu.

BARAKA: Inatema zaidi ya kitu kimoja. Kuna kemikali zinazoiamsha mbegu ya kiduha, na kuna zinazodumaza kale kamzizi ka kwanza kasiufikie mzizi wa mahindi. Mche wa kiduha hauna akiba. Usiponyonya ndani ya siku chache, kwisha.

REHEMA: Yaani unaamshwa usiku wa manane unaambiwa chakula hakuna!

BARAKA: Eeh! Na hapo ndipo desmodiamu inapoushinda mkono wa kung'olea, maana kila msimu mbegu zilizolala ardhini zinapungua.

REHEMA: Bei je? Watu wa Tarime watanipigia simu.

BARAKA: Mbegu ni ghali, na si kila duka la pembejeo linazo. Ikishashika, unakata vipande vya shina unapandikiza kwingine. Msimu wa kwanza inakua kwa kusuasua, usije ukaipalilia ukidhani ni gugu. Baadaye inadumu miaka. Unaikata kabla ya kupanda mahindi isiyafunike, ng'ombe wanakula.

REHEMA: Na maharage? Mama zetu hawakubali shamba la mahindi matupu.

BARAKA: Yanaingia shimo moja na mahindi. Mstari wa desmodiamu unabaki katikati.