Gharama Tunazozificha Tunapoomba Ruzuku

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi viongozi wa vikundi mliotoka Masafu, Lumino, Dabani na hapa hapa mjini Busia, nawasalimu. Nimeombwa kuzungumza juu ya njia za kupata ruzuku kwa ajili ya watu wenye ulemavu na vyama vyao, na naona wengi wenu mmeshika kalamu mkingoja majina ya wafadhili. Majina nitayataja muda ukiniruhusu. Kwanza nitazungumza juu ya bajeti, na wale walionisikia Tororo na Mbale wanivumilie, kwa sababu nitarudia yale yale. Nitaacha kuyarudia siku nitakayosoma andiko la mradi la kikundi chetu chochote nikakuta malipo ya mkalimani wa lugha ya alama yameandikwa waziwazi, kwa tarakimu, katika ukurasa wa bajeti.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kulisaidia kundi la mafundi cherehani, wanachama kumi na wanne, tisa kati yao wakiwa viziwi. Mfadhili wa nje alikuwa amewakubalia fedha kwa awamu mbili, na awamu ya pili ilikuwa imezuiwa. Niliomba kuiona bajeti yao, nikaikuta safi kuliko nyingi nilizowahi kusoma: cherehani sita, vitambaa, nyuzi, pasi ya mkaa, kodi ya chumba, mkufunzi wa wiki nane, hata kufuli la mlango halikusahauliwa. Shilingi ya mkalimani wa lugha ya alama haikuwamo. Nilimuuliza katibu, naye ni kiziwi, kwa nini jambo hilo liliachwa, akachukua daftari langu akaandika: "Tuliogopa wataona sisi ni ghali."

Sasa fuateni kilichotokea. Siku ya kufungua akaunti, mweka hazina, naye kiziwi, alisindikizwa na binti wa jirani aliyejua alama kidogo, ofisa wa benki akazungumza na binti, binti akaitikia kwa kichwa, na mweka hazina akatia saini karatasi ambazo hakuna aliyemfafanulia. Shule zilipofunguliwa, binti alirudi bwenini. Mkufunzi alipoanza kazi alifundisha kama alivyofundishwa yeye, yaani ameinamia mashine, mgongo kwa wanafunzi, anaeleza kwa mdomo jinsi ya kupitisha uzi na kulegeza mkazo, na nyuma yake watu tisa wanatazama shati lake. Wiki ya pili sindano zilikuwa zimevunjika nyingi kiasi kwamba mkufunzi mwenyewe ndiye aliyesema, jamani, tafuteni mtu wa kuzungumza na hawa. Wakamtafuta mkalimani, wakampata, wakamlipa kutoka katika fedha za vitambaa. Hawakuandika popote, kwa sababu waliona aibu kwamba jambo hilo halikuwamo katika maombi. Alipokuja mkaguzi wa hesabu, vitambaa vilivyokuwa rafuni havikulingana na fedha zilizotoka, na risiti ya kuziba pengo haikuwapo. Mfadhili akaandika barua fupi, na awamu ya pili ikafia hapo.

Naomba mnielewe vizuri. Katika kundi lile hakuna mtu aliyekula hata mia moja. Fedha zilikwenda kwa mkalimani, mahali zilipostahili kwenda tangu siku ya kwanza, ila zilipita mlango wa nyuma, na fedha ikipita mlango wa nyuma huitwa wizi hata kama aliyeibeba ni mtu mwaminifu. Mficha uchi hazai, na sisi tumeuficha ulemavu wetu mbele ya watu tunaowaomba fedha kwa sababu ya ulemavu huo huo. Mnaniona nacheka, lakini jambo hili linaniudhi sana.

Najua kuna mtu pale nyuma anajisemea kwamba mzee huyu anaongea kwa raha kwa kuwa si yeye atakayenyimwa. Mfadhili akiona sehemu kubwa ya bajeti imekwenda kwa wakalimani, wasaidizi na nauli, ataichukua fomu yetu na kuitupa. Wapo watakaoitupa, sikatai. Lakini tazameni ni akina nani wanaotoa fedha kwa ajili yetu hasa. Abilis, taasisi ya ufadhili ya Finland, ilianzishwa mwaka 1998 na watu wenye ulemavu wenyewe, na mmoja wa waanzilishi wake, Kalle Könkkölä, alikuwa ameshakaa bungeni kwao akiwa katika kiti cha magurudumu. Disability Rights Fund, yaani Mfuko wa Haki za Watu wenye Ulemavu, yenye makao yake Boston huko Marekani, imekuwapo tangu mwaka 2008, na ruzuku zake huzielekeza kwa vyama vinavyoongozwa na watu wenye ulemavu. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa kwa nini asiyeona husafiri na msaidizi na kwa nini msaidizi naye hulipiwa nauli na chakula. Wanachoshangaa ni kupokea bajeti ya chama cha viziwi isiyo na mkalimani, kwa kuwa hapo hujiuliza kama viziwi wenyewe wamo ndani ya chama au wametajwa tu kwenye jalada.

Kwa mfadhili asiyejua lolote juu yetu, mwekeeni sheria mezani. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 25 Septemba 2008, na Ibara ya 2 ya mkataba huo inasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kwa hali yake ni aina ya ubaguzi. Katiba yetu ya mwaka 1995 inaitaka nchi kuikuza lugha ya alama. Andikeni sentensi mbili za maelezo chini ya kifungu cha mkalimani, mkitaja hayo, na muache kuomba radhi.

Haya si ya viziwi peke yao. Ninyi wenzangu wa baiskeli za mkono, mnaopitisha bidhaa hapa mpakani kila siku, nimesoma maombi yenu ya mtaji. Mmeandika mchele, mafuta ya kupikia na sabuni, na tairi hamkuandika. Baiskeli ya magurudumu matatu iliyobebeshwa magunia hula tairi na mipira ya ndani, mnyororo hulegea, na siku baiskeli imelala kwa fundi, mwenyewe amelala nyumbani na mchele unakula kodi ya stoo. Kwenu tairi ni mtaji, hata kabla ya mchele. Wekeni kifungu cha matengenezo ya vyombo vya kutembelea, pigeni hesabu ya mwaka mzima, na kama mfadhili atauliza, mwalikeni aje asukume gunia moja kutoka hapa hadi upande wa Kenya.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo fedha za serikali nitazipitia mbio. Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, ile ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, hutolewa kwa kikundi, hadi shilingi milioni 5, na njia yake hupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (kitengo cha utawala kilicho chini ya kaunti ndogo), ni jambo jingine, msizichanganye: ule ni mkopo wenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, unapitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi, na katika shilingi milioni 100 za parishi kwa mwaka sehemu yetu ni asilimia 10. Hiyo ni milioni 10, na kwa kuwa kila kaya hupewa milioni 1, maana yake ni watu kumi. Nendeni mkaulize kwa majina ni watu gani kumi waliopata katika parishi yenu. Sheria imetupa madiwani wawili wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, katika baraza la kaunti ndogo na la wilaya, na swali hilo ni lao kuliuliza kwa sauti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na anayekwenda wilayani mwezi Juni kuomba aingizwe katika bajeti amekwenda kusalimia tu.

Juu ya usajili, katiba ya kikundi, watia saini watatu na taarifa za benki, mmeshafundishwa katika semina nyingi kuliko nilizohudhuria mimi, basi nayaacha. Nilitaka pia kusema juu ya hatari ya kumtegemea mfadhili mmoja, hasa baada ya yale tuliyoyaona USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa mwaka 2025, lakini muda umekwisha na mada hiyo inataka siku yake.

Nimalizie na huyu kijana aliyesimama hapa kushoto kwangu tangu saa tatu asubuhi, anayeyageuza maneno yangu kuwa alama bila kuketi. Wakati wa chai nilimuuliza ni kifungu gani cha bajeti ya mkutano huu kinachomlipa. Akaniambia kwamba hakimo, na kwamba ameahidiwa nauli kutoka katika fedha za maji ya kunywa. Ndugu mweka hazina wa mkutano, usiinamishe uso. Nitakukuta pale kwenye chakula, na uje na kalamu.